Mfumo wa Kompyuta ya Rwekaza

...na isitoshe alishamjibu Mama ndiyo, alimjibu jana kwa simu akiwa mlangoni pa maabara ya kiwanda, punje za kahawa bado kiganjani, kwa hiyo hakuna cha kufikiri hapa, ni kutamka neno moja tu, Linux, Umang abonyeze, boksi lifungwe kwa selotepu, gari la Muleba linaondoka saa tisa na dereva amesema hamngoji mtu, sasa ni saa saba na nusu, muda upo, neno ndilo halitoki, na kwenye kioo kuna mistari miwili, Windows juu, Linux chini, na Hellen anaitazama kama anayesoma matokeo ya mtihani wa mtoto wa mwenzake... "Dada Hellen," Umang amerudia, kidole kikiwa juu ya kibodi, "flashi zote mbili zimeingia, ni kuchagua tu, tupige Windows au tupige Linux?" na mvua inagonga bati la duka, duka ambalo Hellen alilikuta likiuza vitambaa alipokuja Bukoba mara ya kwanza na baba yake, kitenge kikipimwa kwa rula ya mbao, sasa rafu zilezile zimebeba vioo vya kompyuta na mafungu ya nyaya, na mzee Dhirubhai, baba yake Umang, bado anakaa kiti kilekile mlangoni akisalimia wapita njia kwa Kihaya. "Umang, usimharakishe dada wa watu," anasema mzee kutoka mlangoni, "Mhaya hachagui kitu kabla hajajua jirani ana kipi," na mteja aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho, mama mmoja wanayemwita Shamsa, anamjibu papo hapo, "Mzee, na wewe si Mhaya? Umezaliwa hapahapa, ukivuka mpaka wa Kagera siku mbili unaumwa," na mzee anasema, "Mimi Mhaya wa dengu, mama, Mhaya wa dengu," na wote wanacheka, Hellen naye anacheka, amechelewa kidogo, kicheko chake kinabaki peke yake hewani, na anajifanya anakohoa.

Mashine yenyewe si kitu cha kumtisha mtu, ni boksi jeusi lililofanya kazi kwenye ofisi fulani Ulaya mpaka ofisi ikalichoka, Umang akalinunua pamoja na mengine thelathini, akalitia kadi ya picha iliyokwishatumika, RAM ya gigabaiti nane, diski ya gigabaiti mia moja na ishirini na nane, kompyuta ya gemu ya mtu asiye na uwezo wa kununua kompyuta ya gemu, na mdogo wake, Rwekaza, alipoambiwa kwa simu kilichomo akasema, "Dada, inatosha, inatosha kabisa, huo mfumo wa kuweka muachie fundi, ili mradi gemu yetu ifunguke," na hakusema tena, hakubembeleza, si mtu wa kubembeleza, hata alipokuwa mdogo alikuwa anasimama tu karibu na kitu anachokitaka... na gemu yenyewe kwenye Linux haifunguki. Hilo Hellen analijua. Umang amemweleza taratibu asubuhi, kwamba gemu nyingi zinakubali siku hizi, nyingi kuliko zamani, ila hizi za timu, za kupambana mtandaoni, baadhi zina mlinzi ndani yake wa kukamata wadanganyifu, na mlinzi wa gemu hii akikuta si Windows anafunga mlango, hasikii ombi, na Hellen akaitikia kama mtu anayesikia jambo jipya ilhali alishalisikia tangu Jumapili, kwa Joyness, binti wa shangazi anayefundisha sekondari, Joyness ndiye aliyelileta mezani pale nyumbani Buganguzi baada ya ibada, wakimenya ndizi, "kwetu shuleni wametuwekea Linux, hizo gemu za vijana hazifunguki, wanaandika, wanasoma, basi," na Mama akaacha kisu juu ya ganda, akauliza, "Kwa hiyo mtu anaweza kupewa kompyuta nzima, nzuri, na huo mchezo usiwemo?" na Joyness akasema ndiyo, na Mama akamtazama Hellen, akaendelea kumenya.

Sababu zipo. Alizipanga tangu Jumapili, alizipanga kama anavyopanga trei za sampuli, ya kwanza wepesi, kwamba mashine ndogo inataka mfumo mwepesi, angesema "fundi ndiye aliyeshauri" na Rwekaza angesema "sawa, dada," maana hambishii aliyemzidi miaka kumi na moja, na asingeweza kubadilisha mwenyewe, hana kompyuta nyingine ya kutengenezea flashi, angelazimika kuibeba mpaka Bukoba, na nani anabeba zawadi ya dada yake kwenda kuirekebisha... lakini Umang, bila kuulizwa, ameshasema kwamba kwa gigabaiti nane Windows inakwenda vizuri tu, ameijaribu jana, hii hapa, na akamwonyesha. Basi leseni, angesema Windows ni ghali, na Umang hapigi ya wizi, baba yake hataki, lakini ubavuni mwa boksi kuna stika, Umang ameigusa kwa ukucha, "leseni ilikuja na mashine, dada, hii ni halali, una bahati," na aliposema una bahati Hellen alihisi kama ameporwa. Basi bando, kwamba Windows itakuwa inashusha mambo yake mtandaoni na kumaliza bando la mtu wa kijijini, na Umang akasema kuna mahali pa kuizuia kidogo, atamwekea. Basi ziwekwe zote mbili, hilo lilimpitia kichwani kama wokovu, zote mbili na Mama aambiwe ipo Linux na Rwekaza aambiwe ipo Windows, akaliuliza kwa sauti kabla hajaona aibu yake, na Umang akatikisa kichwa, "diski haitoshi, gemu peke yake inakula tisini na kitu, kimoja kinamtoa mwenzake," na tangu hapo ndipo swali limekuwa halina mahali pa kujificha, limekaa pale kwenye kioo, mistari miwili, na mwanga umesimama kwenye wa juu.

Mama hana ubaya. Hilo lisemwe. Mama anamwona mwanawe anaingia chumbani saa kumi na moja jioni, anavaa vile vitu vya masikioni, anaanza kusema peke yake, kwa Kiswahili cha haraka, "nipo nyuma yako, usiogope, ukifa nitakuja kukuchukua," na chumba ni kile alichofia Baba, na Baba hajamaliza hata miezi minane kaburini, sasa mama gani angesikia hayo mlangoni akaendelea kupepeta maharage? Akamfuata mwinjilisti Kyaruzi. Mwinjilisti akaja na Biblia na wazee wawili wa usharika, wakasimama nje ya mlango wakaimba beti tatu kabla ya kugonga, na Rwekaza akafungua, hedfoni shingoni, na ndani ya hedfoni sauti ndogo zikiita, "Rwe, uko wapi? Rwe, tunakufa huku," na mzee mmoja akarudi nyuma hatua mbili... Joyness alisimulia hilo mpaka akakaa chini kwa kucheka, na Hellen alicheka, na Rwekaza aliyekuwa amekaa palepale akatabasamu, akasema tu kwamba siku ile ilikuwa mechi ya kupanda daraja na aliiacha katikati akaombewe, na hakuna aliyemuuliza timu iliishiaje. Walishuka. Alimwambia Hellen baadaye, wakiwa wawili, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Kisha umeme ukapiga ile kompyuta ya zamani, ikatoa harufu, ikafa, na Mama akasema Mungu amejibu, lakini Rwekaza akaacha kula mezani, akawa anakaa barazani akitazama simu isiyoweza kuibeba ile gemu, na juzijuzi akatamka kwamba atarudi Mwanza, alikokuwa anasoma, hata kwa kubeba mizigo, na hapo ndipo Mama akashtuka, akinyimwa ataondoka, akipewa atajifungia, na ndipo Jumapili, ndizi, kisu juu ya ganda, kompyuta nzima, nzuri, na mchezo usiwemo. Abaki. Hicho tu Mama anataka, abaki na aingie shambani, kwa sababu yeye ndiye msika, mrithi, na msika akiondoka kibanja, shamba la ukoo, kinakuwa cha mtu yeyote mwenye ng'ombe wa kupitisha.

"Au ana kazi nyingine ya kuifanyia?" Umang anauliza, "maana kama ni kuandika tu, hii ya chini ni tamu kweli, mimi mwenyewe naitumia," na Hellen anasema, "Ngoja kidogo, Umang," na mzee Dhirubhai anasogeza kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, "Chukua, waitu," anamwita kwa Kihaya cha heshima, "kahawa inafungua akili," na anachukua mbili kwa adabu, na kabla ya kuzitia kinywani kidole gumba kimeshazigeuza kutafuta kasoro, hawezi kujizuia, miaka tisa kazi yake ni hiyo, kupima kahawa, kutenga iliyotobolewa na mdudu, iliyochacha, nyeusi, iliyovunwa mbichi, na hii ya mzee ina ladha ya miti ya zamani, ya aina ile ya Baba... Baba aliyemfundisha yeye kupogoa. Yeye, si Rwekaza. Rwekaza alikuwa mgongoni. Yeye ndiye aliyekwenda naye Maruku kwenye kituo cha utafiti kuchukua miche, akiwa darasa la sita, akaibeba miche kwenye magamba ya mgomba ili isikauke, yeye ndiye aliyejua kila mti ulipotoka na ulipoanza kuugua, na siku ya kumaliza matanga ukoo ulipokaa, akatafutwa msika, akatajwa Rwekaza, akavishwa kanzu ya Baba, akakalishwa kitini kwa Baba, akapewa mundu wa Baba mkononi, kijana wa mwaka wa tatu chuoni aliyekuja na begi moja akidhani anarudi Jumatatu, na Hellen alikuwa amesimama kwa wanawake, ameshika sinia, na alipiga vigelegele. Alipiga. Sauti yake ilisikika kuliko zote. Na chuo kilimngoja Rwekaza muhula mmoja, kisha hakikumngoja.

Kwa hiyo aseme ukweli hapa, na hakuna anayemsikia, Umang anafuta vumbi la kibodi kwa kitambaa, Shamsa anahesabu kopi zake... hakumkubalia Mama kwa ajili ya Mama. Angekuwa anamwogopa Mama angeshamtii kwenye mambo mengine, ya ndoa, ya kanisa, hakuyatii. Alikubali kwa sababu lilimfaa. Lilimfaa kwamba aliyepewa kibanja abaki nacho mchana na jioni, asiwe na mlango wa kutokea, ajue uzito wa kitu alichopewa kikiwa cha mtu mwingine, na kila alipofikiria Rwekaza amekaa mbele ya kompyuta mpya, amebonyeza, gemu imekataa, amebonyeza tena, kulikuwa na kitu ndani yake kilichokaa vizuri, kama mtu aliyepata kiti. Hapendi kukijua. Anakijua. Kahawa imekuwa chungu chini ya ulimi na hakuna pa kuitemea.

Na yule wa Bumbire... kwa nini amemkumbuka sasa, ni lile neno, kuandika, Umang amesema kuandika, na kazi ya Hellen msibani ilikuwa kuandika, ana mwandiko mzuri, wakampa daftari la waliohudhuria, jina na kitongoji, jina na kitongoji, kwa sababu Buganguzi watu huangalia daftari, nyumba isiyokuja kuzika kwako nawe huendi kwake, na aliyekuja amekuwa mwenzenu, hata kama mliwahi kugombea mpaka wa shamba, habari imeisha, na siku ya pili akaja kijana mwenye koti la mvua na ndoo ya sangara waliowekwa chumvi, akasema anaitwa Awadhi, ametoka kisiwani Bumbire, amevuka kwa mtumbwi mpaka mwaloni, gatini kwa wavuvi, na kutoka hapo amekuja na pikipiki, na Hellen akauliza kitongoji, kijana akasema, "Sina kitongoji huku, dada, mimi mwenzake Rwekaza," akamuuliza mlisoma wapi pamoja, akasema hawajasoma pamoja, akamuuliza mmejuana wapi basi, na akasema, kwa haya, akiitazama ile ndoo, "Ndiyo kwanza leo namwona sura." Yeye huko kisiwani anachaji taa za wavuvi wa dagaa kwa sola, na sola hizohizo ndizo zinazoendesha kompyuta yake, na jioni anacheza na Rwekaza, mwaka wa tatu sasa. Alichimba kaburi na vijana wa kitongoji. Alilala kwenye majani pamoja na wanaume siku tatu, alisali swala zake nyuma ya mgomba na hakuna aliyemsemesha vibaya, na alipoondoka Rwekaza alimsindikiza mpaka barabarani na alichelewa kurudi, na alikuwa analia, ndiyo mara pekee Hellen alimwona analia, hata kaburini hakulia, na Hellen akalifunga daftari, mbele ya Awadhi pale pa kitongoji hapana kitu, na hakuwaza tena. Alipata samaki, alipika, walikula, hakuwaza tena.

"Mimi ningekuwa yeye," mzee Dhirubhai anasema, "hiyo Linux ya bure nisingeipeleka kijijini, akiulizwa ni kompyuta gani aseme ya bure? Watamcheka mpaka Krismasi," na Umang anasema, "Baba, bure si ubaya," na mzee anasema, "Bure si ubaya, ila Muleba utaieleza kwa nani?" na Hellen anawasikia kama watu walio ng'ambo ya barabara, kwa sababu hesabu imegeuka kichwani mwake na hawezi kuirudisha ilivyokuwa, ile sauti ndani ya hedfoni, Rwe, uko wapi, mwenye mojawapo ya zile sauti ndiye aliyekuja na ndoo ya samaki. Anayesema peke yake chumbani hakuwa anasema peke yake. Na kibaya zaidi si kwamba angemtenga na wenzake, watu hutengwa, wazazi hukataza, dada hukataza, angeweza kwenda Buganguzi akakaa barazani akasema Rwekaza sikununulii, na wangegombana, na ugomvi ungekuwa na mahali pa kuanzia. Kiwandani hakatai gunia hivihivi. Kila gunia analolikataa lina karatasi, sababu imeandikwa, jina lake chini, na mkulima akitaka kusoma anasoma, wengine wamekuja na karatasi mkononi kumtukana, na amekaa akatukanwa, na hajawahi kulikataa gunia la mtu huku akimwambia limepita. Huyu angemwambia limepita. Angempa kwa mikono miwili, na angeshukuriwa, Rwekaza angepiga magoti kidogo kama alivyofunzwa, asante, dada, na angebonyeza, na ingekataa, na angedhani kosa ni la mashine, au lake, angekaa jioni nyingi akitafuta kosa lake. Kama alivyovishwa kanzu. Palepale, mbele ya watu, kitu kimeamuliwa mahali asipokuwepo, na watu wanapiga vigelegele.

"Dada?" Umang anasema. Mwanga bado uko kwenye mstari wa juu. Mvua imepungua, Shamsa ameondoka au yupo, hajui, na Hellen anasema, "Usibonyeze kwanza," na mkono umeshaingia kwenye mkoba, kidole kimeshagusa jina la Rwekaza kwenye simu, na hajui atachagua kipi, kwa kweli hajui, anajua tu kwamba hawezi kuchagua akiwa peke yake na hawezi kuchagua akiwa na Mama, na simu inaita, inaita mara mbili, mara ya tatu anaombea isipokelewe, na inapokelewa, upepo, jogoo wa mtu, pumzi ya kijana aliyekimbia kutoka mahali, "Dada! Imefika? Wamemaliza?" na furaha ile kwenye sauti yake karibu imrudishe nyuma, ingekuwa rahisi, ndiyo imefika, basi, na anageukia rafu ili Umang asimwone uso, anameza ile kahawa pamoja na maganda yake, anasema, "Bado hawajamaliza. Rwekaza, kaa chini kwanza. Mama alinituma nikudanganye, na mimi nilikubali, na kukubali kwangu hakukuwa kwa ajili ya Mama," na anaanza kumweleza kuhusu hii mistari miwili, na hakati simu.